Barua ya Wazi kwa Wanaotuletea Tamthilia na Filamu za Kiswahili

Kwa Wakurugenzi wa Vipindi,
Vituo vya Televisheni na Huduma za Filamu za Kiswahili,
Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

YAH: HADITHI ZINAZOVUTWA BILA MWISHO, SAUTI MBOVU, NA FILAMU NZURI TUSIZOZIONA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tanga na mpenzi wa filamu na michezo ya kuigiza tangu enzi za Mambo Hayo na kundi la Kaole pale ITV. Ninalipia king'amuzi kila mwezi, na fedha hiyo sijawahi kuiona hasara, kwa kuwa jioni ya mtu aliyerudi kazini inahitaji hadithi. Ninawaandikia hadharani baada ya njia za faragha kushindwa. Nilipiga simu kitengo cha huduma kwa wateja cha kituo kimojawapo, nikaandika barua pepe, kisha nikapeleka barua yenye jina na anwani katika ofisi ya vipindi. Nilichorudishiwa ni ujumbe wa kunishukuru kwa maoni yangu, na kipindi kikaendelea na kasoro zilezile. Kituo hicho sitakitaja, kwa sababu ninayoyalalamikia hayako kwake peke yake, na kwa sababu ninatafuta majibu, sitafuti kumvunjia mtu heshima.

Kero zangu ni kadhaa, lakini mzizi wake naamini ni mmoja: mnapopanga vipindi mnajaza saa za hewani, na hadithi mnaiona kama kitu cha kuzijazia. Saa za hewani hazina mwisho. Hadithi inao, na isipofika huko imekufa njiani hata kama bado inarushwa.

1. Hadithi zinavutwa hadi zinakatika

Tamthilia zetu nyingi za siku hizi huanza vizuri mno. Wiki za mwanzo mwandishi anajua anakokwenda: wahusika wachache, siri moja, na kila tukio linasukuma lile linalofuata. Kisha tamthilia inapata jina, wadhamini wanaingia, na kuanzia hapo mwendo unakufa. Nitoe mfano wa tamthilia moja niliyoifuatilia kwa moyo wote. Dada wa kazi anaokota bahasha ya hospitali inayoonesha kwamba mtoto wa nyumba ile si damu ya baba mwenye nyumba. Siku ile tulikaa mkao wa kula. Bahasha ikafichwa chini ya godoro, ikahamishiwa kwenye ndoo ya mchele, ikaibwa na mlinzi, ikarudi, ikalowa mvua, na kila ilipokaribia kusomwa mlango uligongwa. Wakati huohuo akaingia pacha wa marehemu ambaye hakuwahi kutajwa, akaja mganga, ikatokea ajali ya gari, na mama mwenye nyumba akapoteza kumbukumbu. Bahasha ilipofunguliwa hatimaye, wawili kati ya wale waliohusika nayo walikuwa wameshaondolewa kwenye hadithi: mmoja alisemwa amesafiri, mwingine hakuonekana tena wala hakuna aliyemuulizia, hata mama yake mzazi.

Ukitoa matangazo, ukatoa marudio ya jana yanayofungulia kipindi, ukatoa nyuso za wahusika zinazooneshwa mmoja baada ya mwingine kwa mwendo wa pole huku ngurumo zikipigwa, ukatoa na kumbukumbu za tukio tuliloliona juzi, kipindi cha nusu saa kinabaki na dakika chache tu za jambo jipya. Mtazamaji anaweza kukosa wiki nzima akarudi asipungukiwe na chochote, na mkisikia watu wakisema hivyo msidhani wanawasifu.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: watazamaji wenyewe ndio wanaotaka iendelee. Ni kweli kwamba mtu akimpenda mhusika hataki kuagana naye. Lakini Citizen TV ya Kenya ilianza kurusha Maria mwaka 2019, ikapendwa sana, na mwaka 2021 ikaifunga, ikaleta Zora kutoka kwa watayarishaji walewale, na baada yake ikaja Sultana. Maria nayo ninayo ya kuisemea: binti wa mtaa wa mabanda anayeingia nyumba ya tajiri ni hadithi tuliyokwisha kuizoea, na kuvutavuta hakukukosekana. Hata hivyo waliokuwa na mamlaka walithubutu kufunga kazi iliyokuwa bado inapendwa, na kituo hakikufa. Siri ya Mtungi, iliyotuonesha kuanzia mwaka 2012 maisha ya Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, ilikuwa na misimu miwili tu. Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyorushwa na TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, ilikuwa na vipindi 36, ikaisha, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Hakuna aliyedai irefushwe ili aendelee kuikumbuka.

Jibu la pili litakuwa wadhamini. Mdhamini anafuata macho ya watu, na macho ya watu yanahamia kwingine siku hizi bila kupiga hodi. Nendeni kwenye kibanda chochote cha kuingizia muvi kwenye flashi mkamuulize kijana anayekaa pale vijana wenzake wanataka nini. Wanataka misimu ya Kikorea ambayo wanajua kabla ya kulipia kwamba ina vipindi 16 na kwamba cha 16 kitafunga kila kilichofunguliwa.

2. Sauti

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa ni kasoro inayoonewa aibu kusemwa na ambayo dawa yake inajulikana. Waigizaji wetu wanaweza. Wapo wanaoweza kukuliza kwa sentensi tatu, lakini sentensi zenyewe hatuzisikii. Chukueni tukio la kawaida: mama na binti wako jikoni, mama anakaanga vitumbua, binti anamwambia kwamba ana ujauzito. Sauti ya mama inasikika safi kwa kuwa maikrofoni iko upande wake. Binti, aliye mlangoni, anasikika kama yuko ndani ya simtanki. Kamera ikigeuka, mlio wa mafuta unakatika ghafla, kisha unarudi kamera inapomrudia mama. Nje inapita bodaboda ambayo haihusiani na hadithi. Kisha, pale binti anapofikia neno ambalo tumelisubiri, kinanda kinaingia kwa nguvu kulifunika, na kuanzia hapo tunasoma midomo. Nyumbani kwangu mwenye rimoti anafanya kazi mfululizo: anapandisha sauti wahusika wakizungumza, anashusha muziki ukiingia, anashusha zaidi tangazo likija.

Msiniambie kwamba hilo ni suala la bajeti pekee. Nimewahi kuketi na mafundi wa kazi hizi hapa Tanga wakirekodi harusi, na najua kwamba maikrofoni ndogo ya kubana nguoni haiwezi kuwa ghali kuliko gari la kifahari linalokodiwa kwa siku ili bosi ashuke nalo getini. Kuzima feni, kusubiri pikipiki ipite, kurekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba ili mhariri apate cha kuunganishia: yote hayo hayana gharama zaidi ya subira. Tatizo ni kwamba ratiba ya kurekodi vipindi vingi kwa siku moja haina nafasi ya subira, na hapo tunarudi kwenye hoja yangu ya kwanza.

Muziki nao unahitaji mtu wa kuusikiliza. Tuna taarabu, tuna dansi, tuna ngoma za kila pembe, na bado huzuni yetu yote inapigiwa kinanda kilekile na kicheko chetu chote kinapigiwa mlio uleule wa katuni.

3. Wahusika wasio na kazi wala mtaa

Katika tamthilia zetu kila tajiri ana "kampuni". Inauza nini, haielezwi. Mkurugenzi anaingia ofisini, anasaini karatasi ambayo hatuoni kilichoandikwa, anagombana na katibu muhtasi, anatoka. Familia inayosemwa ni ya hali ya chini inaishi kwenye nyumba yenye vigae na sofa mpya, kwa sababu nyumba iliyopatikana kwa kurekodia ni hiyohiyo. Hatuoni mtu akihesabu marejesho ya kikoba, hatuoni foleni ya hospitali, hatuoni mwalimu akisahihisha madaftari usiku. Mgogoro ukikosekana, mwanamke anapigwa kibao. Nimeona vibao vingi mno vinavyopigwa kwa sababu tu kipindi kimebakiza dakika mbili, na kesho yake hakuna anayevizungumzia, si aliyepiga wala aliyepigwa. Hilo silichukulii kama kasoro ya usanii tu, kwa kuwa watoto wanakaa nasi sebuleni saa hiyo.

Kwamba tunaweza vingine, ushahidi upo, na sihitaji kwenda Ulaya kuutafuta. Binti, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Seko Shamte, inashika wanawake wanne wa Dar es Salaam na kumpa kila mmoja shida inayotambulika. Tumaini ana duka na ana deni, na deni hilo lina mtu anayekuja kulidai. Angel anaelekea kuolewa na mwanamume anayempiga, na katika filamu ile kipigo kina uzito wake. Kinabaki mwilini na kwenye maamuzi ya mtu. Nitasema wazi pia kwamba kugawa filamu moja kwa hadithi nne kuliniacha na njaa, na kwamba mbili kati yake zingestahili filamu zake zenyewe. Lakini njaa ya namna hiyo naipenda kuliko shibe mnayotupa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, nayo ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni kwa maoni yangu filamu nzuri kuliko zote za Kitanzania nilizoziona katika miaka ya karibuni. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, Denge na wenzake wanaopambana na utawala wa Waingereza: kila kitu kina mahali pake. Ukitazama namna mwanga unavyoingia kwa Mwajuma, aliyeigizwa na mwimbaji Siti Amina, na namna kanga, ukuta na uso vinavyokaa katika picha moja bila kugombana, unaona kwamba kuna mtu alifikiri kabla ya kuwasha kamera. Kasoro zake zipo. Waliosoma riwaya wataona kwamba njama za Denge zimepunguzwa sana, na kuna nyakati wahusika wanazungumza kwa utulivu wa kishairi pale ambapo mtu wa Unguja angekwisha kupandisha sauti. Bado ni saa moja na nusu hivi ambayo haina dakika ya kujazia.

Majirani zetu wa Kenya nao wana Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ambayo haifikishi hata dakika 80. Mtoto Jo ni mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Hakuna jumba la kifahari wala gari la kukodi mle ndani. Kuna mama na dada mtu wanaobishana juu ya namna mtoto atakavyotumia siku zilizobaki, na kila mmoja wao ana haki. Ubishi wa namna hiyo, ambao pande zote mbili zina haki, sijausikia katika tamthilia zetu za jioni kwa muda mrefu.

4. Tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili

Hili nitalipitia kwa ufupi. Sipingi tamthilia za Kituruki, za Kihindi wala za Kifilipino. Wazee wengi wasiojua lugha nyingine wamefaidika nazo, na ajira imepatikana. Ninachoomba ni heshima kwa kazi yenyewe. Sauti moja isitumike kwa bibi, mkwe na jirani katika tukio moja. Sauti ya lugha ya awali isibaki ikisikika kwa chini na kugombana na ya Kiswahili. Na majina ya waliotafsiri na walioigiza kwa sauti yaandikwe mwishoni, kwa mwendo unaosomeka. Huko Kenya DJ Afro amejijengea jina kubwa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na anayemsikiliza anajua anamsikiliza nani. Ninyi mna watu wanaoingiza sauti kila siku kwa miezi, na hatuwajui hata mmoja.

5. Filamu nzuri hatuzioni

Tanga ilikuwa na majumba ya sinema kama Majestic na Regal, na wazazi wetu walivaa vizuri kwenda huko. Zama hizo zimepita, na leo anayetaka kuona filamu mpya kwenye jumba la sinema anafikiria safari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo televisheni ndiyo jumba letu la sinema, na ninyi ndio wenye funguo zake.

Angalieni sasa kinachotokea. Vuta N'kuvute ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ya kwanza tangu Maangamizi mwaka 2001. Habari hizo tulizisoma magazetini na tukafurahi kama watu wanaosikia kwamba ndugu yao ameoa ughaibuni. Filamu yenyewe, kwa mwananchi wa kawaida wa mkoani, ilikuwa haipo. Binti ilifika Netflix, jambo la heshima kubwa, lakini Netflix inataka kadi ya benki na bando lisilokatika, na wengi tunaoishi maisha yanayosimuliwa mle ndani hatuna vyote viwili. Kila mwaka filamu zetu zinaoneshwa katika Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo limekuwepo tangu 1998. Watu wanazipigia makofi pale Ngome Kongwe, na baada ya hapo hatuzisikii tena. Nilikwenda kuiulizia Vuta N'kuvute kwenye kibanda cha flashi, nakiri, kwa kukosa njia nyingine. Yule kijana hakuwahi hata kulisikia jina lake. Hatimaye niliiona kwa mwaliko, katika chumba cha watu wachache waliokuwa na bahati kama yangu.

Mtanijibu kwamba haki za kuzirusha ni ghali, au kwamba zimeuzwa kwingine. Inawezekana kwa baadhi yake na kwa muda. Haiwezekani kwa zote na kwa miaka yote. Mikataba ina muda wake, na filamu za Kitanzania na Kikenya za miaka kumi iliyopita ni nyingi kiasi cha kujaza Jumamosi usiku za mwaka mzima. Na mkiniambia kwamba uharamia ndio unaowakatisha tamaa, nitawaomba mfikirie kwa nini mtu ananunua cha wizi: mara nyingi ni kwa sababu hajauziwa cha halali mahali alipo.

Wala msiseme kwamba Mtanzania hajali filamu zake. Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28, viwanja vya Leaders vilijaa umati uliowazidi nguvu hata waliokuwa wakiuongoza, na watu walilia barabarani hadi makaburi ya Kinondoni. Wale hawakuwa ndugu zake. Walikuwa watazamaji wake.

Ninayoomba

Kwanza, kila tamthilia mpya itangazwe pamoja na idadi ya vipindi vya msimu wake, na msimu ukiisha hadithi iwe imefika mahali. Kama mna sababu ya kuongeza msimu mwingine, ongezeni baada ya mwandishi kuwaambia ana nini cha kusimulia.

Pili, kabla kipindi hakijarushwa kisikilizwe mwanzo hadi mwisho kwenye televisheni ya kawaida ya nyumbani, si kwenye spika za studio, na kikishindwa kusikika kirudishwe kwa mtayarishaji. Mnayo mamlaka ya kurudisha kazi. Mnaitumia kwa picha zisizo na maadili, basi itumieni na kwa sauti isiyosikika.

Tatu, waandishi wa miswada wapewe muda na watajwe. Nimefuatilia matangazo yenu ya tamthilia mpya na ninaona majina ya waigizaji, ya mwongozaji wakati mwingine, ya mdhamini kila mara. Aliyeibuni hadithi hatumwoni.

Nne, tengeni usiku mmoja kila wiki kwa filamu moja kamili ya Afrika Mashariki, isiyokatwa vipande viwili ili kuingiza taarifa ya habari katikati, na tangazeni ratiba yake mwezi mmoja kabla ili anayetaka kuwaalika majirani awaalike.

Tano, nijibiwe. Barua hii haihitaji shukrani kwa maoni. Inahitaji mkurugenzi wa vipindi mmoja, wa kituo chochote, asimame katika kipindi chake mwenyewe au aandike kwa jina lake, kabla robo hii ya mwaka haijaisha, aseme lipi kati ya haya atalifanya, lipi hatalifanya, na kwa nini.

Wenu katika kuipenda sanaa,

Mtazamaji na mlipaji wa king'amuzi,
Tanga.

Nakala: Watayarishaji, waongozaji, waandishi wa miswada na mafundi sauti wa filamu na tamthilia za Kiswahili.